Sanduku la Del: kwa nini filamu moja ya safari ya sikukuu haizeeki

Ikifika katikati ya Desemba, Nairobi huanza kuhama. Machakos Country Bus panajaa tangu alfajiri, tiketi za mabasi ya magharibi zinakwisha siku kadhaa kabla, nauli ya ushago inapanda kila jioni, na wanaobaki mjini wanatafuta filamu ya kutazama na familia. Hapo ndipo Planes, Trains and Automobiles, yaani ndege, treni na magari, hujitokeza kwenye orodha za "filamu za Krismasi", na hapo ndipo mkanganyiko huanza. Mtu anaiwasha akitarajia nyimbo za Krismasi na zawadi, anakuta wanaume wawili wazima wakigombana kwenye theluji. Mwingine anauliza inakuwaje mtu mwenye pesa zake ashindwe kufika nyumbani kwa siku mbili. Wa tatu anaizima baada ya nusu saa kwa kuwa Del, mmoja wa wanaume hao wawili, anamkera. Wote watatu wanakosa filamu nzuri kwa sababu ya mambo machache ambayo hakuna aliyewaeleza.

Filamu ni ya mwaka 1987. John Hughes aliiandika, akaitayarisha na kuiongoza. Wengi hapa wanamjua Hughes bila kulijua jina lake, kwa kuwa ndiye aliyeandika Home Alone ya 1990, ile ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani. Unamkumbuka yule bwana mnene wa bendi anayempa lifti mama wa mtoto ili awahi kufika? Ni John Candy, na katika filamu hii ya 1987 ndiye Del.

Hadithi inasimulika kwa pumzi moja. Neal Page, anayeigizwa na Steve Martin, ni ofisa wa matangazo ya biashara. Yuko New York kikazi, na mkewe na watoto wako Chicago. Anatakiwa kupanda ndege ya saa kumi na mbili jioni ili awahi Siku ya Shukrani nyumbani. Njiani anakutana na Del Griffith, anayezunguka nchi nzima akiuza pete za plastiki za kutundikia pazia la bafu, na kila Neal akijaribu kumkwepa, safari inawarudisha pamoja. Ndege, pikapu, treni, basi, gari la kukodi, lori.

Sasa ile sikukuu. Siku ya Shukrani si Krismasi, wala si maandalizi ya Krismasi. Ni sikukuu ya Marekani inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na Alhamisi hiyo iliwekwa kwa sheria mwaka 1941. Mwaka 1987 ilikuwa Novemba 26. Filamu iliingia kwenye kumbi za huko Novemba 25, yaani mkesha wake. Siku yenyewe ina jambo moja kubwa: ukoo unakaa meza moja, unakula bata mzinga wa kuoka, unashukuru. Hakuna zawadi za kufunguliwa, na ibada ya kanisani si sharti. Ni mlo.

Jambo hilo dogo ndilo linaloendesha mbio zote unazoziona. Kwetu mtu anayekwenda Kakamega akikwama Nakuru tarehe 24 usiku, akafika nyumbani tarehe 26, atakemewa kidogo lakini bado atakuta mbuzi hajaisha, wageni hawajaondoka, na Mwaka Mpya uko mbele. Krismasi yetu ni kipindi. Sikukuu anayoikimbilia Neal ni sahani moja ya siku moja, na watu wakishainuka mezani, imepita. Ukilishika hilo, huwezi tena kushangaa kwa nini anapandwa na hasira hivyo.

Linakuja swali la ramani. New York iko pwani ya mashariki. Chicago iko magharibi yake, umbali wa takriban kilomita 1,150 angani. Ndege yao inashindwa kutua Chicago kwa sababu ya dhoruba ya theluji, inapelekwa Wichita, jimbo la Kansas. Mtazamaji asiyeijua ramani ya Marekani hudhani Wichita iko katikati ya njia. Haiko. Iko kusini-magharibi ya Chicago, mbele kabisa ya nyumbani. Ni kama abiria wa Mombasa kuja Nairobi apitishwe juu ya jiji na kushushwa Eldoret, jambo ambalo si geni kwa waliowahi kusafiri asubuhi ya ukungu mzito pale JKIA.

Kwa nini ndege isingoje tu hewani hadi theluji ipungue? Kwa sababu mafuta yana kipimo. Kwa kawaida ndege ya abiria hubeba mafuta ya kufika iendako, ya kwenda kiwanja mbadala, na akiba ya kuzunguka kwa muda mfupi. Akiba ikikaribia kuguswa, rubani hana hiari, anakwenda kiwanja kilicho wazi. Na kiwanja kilicho wazi siku ya dhoruba hupokea ndege za watu wengi kwa saa moja, ndiyo maana hoteli za Wichita zimejaa kabla Neal hajamaliza kupanga foleni ya simu. Kutoka hapo hadi Chicago kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, mara mbili na ushei ya Nairobi hadi Mombasa, katika majira ya baridi, wiki ambayo kila kiti cha kila chombo kimeshauzwa.

Wanajaribu treni, inaharibikia mashambani katika jimbo la Missouri, abiria wanashuka na kutembea shambani na mizigo yao. Basi linawafikisha St. Louis. Kutoka St. Louis hadi Chicago ni kama kilomita 480, karibu sawasawa na safari yetu ya pwani. Kwa gari zima ni siku moja. Hughes aliyaweka masaibu mabaya zaidi kwenye kipande hicho cha mwisho, pale ambapo mtazamaji amekwisha kupumua akidhani wamefika.

Kijana wa leo hukwama zaidi kwenye pesa. Anauliza: si angetuma tu? Si angekopa kwa simu? Hapa lazima tukumbuke mwaka. Mwaka 1987 M-Pesa ilikuwa bado miaka 20 mbele, kwa kuwa ilianza Machi 2007. Simu za mkononi zilikuwepo kwa wachache mno. Neal anampigia mkewe kutoka vibanda vya simu. Pesa zilikuwa noti mfukoni na kadi kwenye pochi, basi.

Na kadi yenyewe haikufanya kazi kama ya leo. Nambari zake zilichomoza juu ya plastiki. Karani aliilaza kwenye kimashine cha chuma, akaweka juu yake karatasi yenye kaboni, akavuta mpini kwenda na kurudi, na nambari zikajichapa kwenye karatasi. Ukatia sahihi, ukaenda zako. Hakukuwa na nambari ya siri wala ujumbe wa kukuarifu kwamba umetoa kiasi fulani. Mara nyingi benki ilijua siku kadhaa baadaye, karatasi zilipofika. Kwa hiyo karani wa moteli (nyumba ya wageni ya kando ya barabara kuu, ambapo unaegesha gari mlangoni mwa chumba) akizichanganya kadi za wateja wawili kwenye kaunta yake, hakuna atakayegundua hadi kesho au keshokutwa. Ndivyo inavyotokea. Kadi moja ya Neal inaingia kwa Del.

Fuata uzi huo, maana ndio wenye kichekesho kilichosukwa vizuri kuliko vyote. Del anakodi gari St. Louis kwa kadi ya Neal. Baadaye gari hilo linashika moto kando ya barabara, na Neal anacheka hadi machozi, akidhani hasara ni ya Del. Kisha anauliza lilikodiwa vipi. Anapata jibu. Anauliza kadi iko wapi sasa. Del, kwa uaminifu wake, alikwisha kuirudisha kwenye pochi ya Neal, na pochi imo ndani ya gari linaloungua. Hatua nne, na kila moja inatokana na iliyotangulia. Hakuna kilichoangushwa tu kutoka juu ili watu wacheke.

Wengi walioiga filamu hii baadaye hawakuliona hilo. Waliongeza ajali, wakaongeza kelele, wakasahau kuwa kila ajali ya Hughes ina gharama na inabaki na gharama. Neal akipoteza kitu harudishiwi katika tukio linalofuata. Anaanza kwa kukosa teksi, baada ya kukubali kumlipa mwanasheria mmoja dola 75 amwachie. Wakati wanahesabiana, Del anaipanda. Ana tiketi ya daraja la kwanza, anasukumwa viti vya nyuma, jirani yake ni Del. Mwizi anaingia chumbani usiku na kubeba noti zao. Gari alilolikodi halipo. Kadi zinaungua. Mwishowe anasimama mbele ya karani wa moteli ya pili akiwa na dola 17 na saa nzuri ya mkononi, na ndizo anazozitoa apate kitanda. Del ana dola mbili na saa ya Casio. Saa hiyo inakataliwa, na anabaki nje kwenye baridi.

Tazama vizuri kinachoondoka. Kila anachopotezewa Neal ni kitu kilichomtenga na mtu kama Del: kiti cha mbele, chumba cha peke yake, gari la peke yake. Theluji na wezi wanamshusha ngazi moja moja hadi anasimama sakafu moja na mwenzake. Del, kwa upande wake, hapotezi karibu chochote, kwa sababu hakuwa nacho. Ana sanduku tu.

Lakini Del ana utajiri wa aina nyingine, na msomaji wa Nairobi ataufahamu upesi kuliko mtazamaji wa kwingine. Del anajuana na watu. Hoteli zikijaa, yeye anampigia simu mwenye moteli ambaye yeye Del aliwahi kumuuzia bidhaa, na chumba kinapatikana. Teksi ipo kwa sababu anamjua dereva. Pikapu ya kuwafikisha kituo cha treni inakuja kwa sababu yeye ameipanga. Yeyote aliyesimama Machakos Country Bus tarehe 23 Desemba anajua uchumi huu: basi "limejaa", lakini anayemjua makanga anaitwa kwa jina na kupewa kiti. Pesa ya Neal ina nguvu pale tu mambo yanapokwenda sawa. Yakiharibika, inayofanya kazi ni ile ya Del.

Kuna tukio katika kituo cha mabasi cha St. Louis linalothibitisha. Wameishiwa. Del anafungua sanduku, anatoa zile pete za bafu na kuanza kuziuza kama hereni, kila mteja na hadithi yake: hizi ni pembe kutoka Czechoslovakia, hizi zimetiwa sahihi na mchezaji maarufu. Umewahi kumsikia mchuuzi anayepanda basi kabla halijaondoka, akianza na salamu kwa Jina la Yesu na kumaliza na dawa ya meno na vitambaa vitatu kwa bei ya viwili? Ni ufundi uleule. Candy anaigiza mtu anayempenda mteja wake kweli hata anapomwongopea, na hilo si jambo jepesi kuigiza.

Kuhusu lawama. Wanaomchukia Del husema yeye ndiye chanzo cha kila balaa. Tuhesabu kwa haki. Theluji si yake. Treni si yake. Mwizi si wake. Gari la kwanza kukosekana ni uzembe wa kampuni. Yaliyo yake ni haya: alipanda teksi iliyotafutwa na mwingine; usiku, Neal akiwa amelala, alicheza muziki kwenye usukani hadi koti lake likanasa na mikono yote miwili ikafungika, gari likazunguka; akaingia upande wa barabara usio wake, madereva wa upande wa pili wakampigia kelele kwamba anakwenda kinyume, yeye akashangaa wamejuaje anakokwenda; na moto, kwa sababu sigara aliyoirusha nje ilirudishwa na upepo hadi kiti cha nyuma. Ni mengi. Ila ona na la Neal. Kampuni ya magari inampeleka kwa basi dogo hadi eneo la kuegeshea, anakuta nafasi tupu, na kwa hasira anayatupa makaratasi ya kukodi. Basi dogo limekwisha kuondoka. Anatembea kwenye theluji na barabara kuu kurudi kaunta, na huko anakutana na karani mcheshi anayepiga soga kwenye simu.

Linalofuata ndilo tukio linaloleta maswali mengi ya wazazi. Neal anamporomoshea karani matusi, neno lilelile moja mara 18 ndani ya dakika moja hivi. Karani anasikiliza hadi mwisho. Kisha anaomba makaratasi. Neal anasema ameyatupa. Karani anamjibu kwa neno hilohilo, mara moja tu, akimweleza hali yake ilivyo. Kwa sababu ya dakika hiyo, filamu iliwekwa huko Marekani katika daraja ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Sehemu kubwa ya iliyobaki isingehitaji hivyo.

Kwa hiyo ukitazama na watoto, jambo la kufanya ni rahisi. Tukio liko katikati ya filamu na linaanza pale Neal anapofika kaunta akiwa na theluji na matope. Ruka kwa dakika mbili. Uwaambie kwa mdomo kwamba alitupa makaratasi, la sivyo hawataelewa kwa nini hana gari. Nakala zilizohaririwa kwa televisheni hukata matusi hayo, lakini zinazouzwa na kutazamwa mtandaoni huwa nayo. Kuna pia asubuhi ya moteli ya kwanza ambapo wanaume hawa wawili wanaamka wamekumbatiana kwenye kitanda kimoja, kisha wanaruka na kuanza kuzungumza kwa sauti nzito kuhusu mpira. Hilo watoto watacheka bila kuuliza. Tukio la kaunta lina uzito wake katika hadithi: ndipo Neal anapoonyesha kwamba hasira ya haki nayo inaweza kumharibia mtu mambo yake mwenyewe.

Tumefika penye kiini. Kwa nini watu huirudia kila mwaka? Filamu ya vichekesho kwa kawaida hupoteza nguvu ukishajua kinachokuja. Hii inaongezeka. Sababu ni kwamba Hughes aliandika hadithi mbili ndani ya moja, na ya pili huwezi kuiona hadi uifikie mwisho wa ile ya kwanza. Kama hujaitazama na hutaki kujua, ruka aya nne zinazofuata.

Del hana nyumba. Mkewe, Marie, alifariki miaka minane kabla ya safari hii. Hakuna anakokwenda. Tunalijua hilo dakika za mwisho tu, Neal anapomkuta ameketi peke yake kwenye benchi ya kituo cha treni. Lakini ishara zilikuwepo tangu mwanzo, zimefichwa mahali pa wazi kabisa. Usiku wa kwanza Del anaiweka picha ya mkewe karibu na kitanda. Anasema, kama mtu anayepita tu, kwamba hajafika nyumbani miaka mingi. Mtazamaji anadhani ni mzaha wa mtu wa safari. Anamzungumzia Marie mara kwa mara, na hasemi hata siku moja kwamba amempigia simu, ilhali Neal anapiga kila anapopata nafasi. Na lile sanduku. Kwa nini mchuuzi wa vipete vyepesi vya plastiki abebe sanduku kubwa kama la mwanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule? Kwa sababu ndani yake mna kila alicho nacho.

Kubwa kuliko zote ni lile jibu lake la moteli. Neal amechoka, amelaliwa, amesikia pua ya Del ikivuma, na anamlipukia: hadithi zako hazina kichwa wala miguu, humwoni msikilizaji wako. Del anamwacha amalize. Kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, yeye anaongea sana, na anasikiliza sana pia. Kwamba yeye anajipenda alivyo, mkewe anampenda, wateja wake wanampenda. Kwa Kiswahili tungesema mke wangu ananipenda. Anatumia -na-, hatumii -li-. Ukitazama mara ya kwanza unasikia mtu anayejitetea. Ukitazama mara ya pili unamsikia mjane wa kiume akikataa kubadilisha kitenzi, na uso wa Candy, ambao haukubadilika hata nukta moja kati ya mara hizo mbili, unakuwa uso mwingine.

Halafu usiku ule wa theluji, Del yuko ndani ya gari lililoungua, peke yake, anaongea na Marie. Anamwambia kwamba amefanya tena yaleyale, amekutana na mtu anayempenda akamzidishia hadi akamchosha. Mara ya kwanza unadhani ni mume anayejisemea kwa mkewe aliye mbali. Aliye mbali yuko mbali kuliko ulivyodhani. Neal anamwona kutoka dirishani na kumwita ndani. Hajui lolote kuhusu Marie wakati huo. Anamwita tu kwa sababu kuna baridi.

Sanduku ndilo linaloshona yote. Mwanzoni Neal anajikwaa juu yake akikimbilia teksi New York. Ni kikwazo, kwa maana halisi. Treni ilipoharibika, anatangulia na abiria wengine, anageuka, anamwona Del akiliburuta shambani, anarudi kumsaidia. Mwisho wa safari wanalibeba wawili, kila mmoja na mpini wake, wakipanda barabara ya mtaa wa kina Neal. Hakuna anayelieleza sanduku kwa maneno hata mara moja. Linabebwa tu, na namna linavyobebwa ndiyo habari.

Turudi kwa mambo mawili matatu yanayosemwa sana. Je, ni kisa cha kweli? Si cha kweli, lakini kina mbegu ya kweli. Hughes alifanya kazi ya uandishi wa matangazo Chicago kabla ya filamu, na alisimulia kwamba safari yake mwenyewe kutoka New York ilimfikisha Wichita. Wapo wanaosema kuna nakala ya siri ya saa tatu. Hapo pana ukweli nusu. Hughes alipiga picha nyingi mno, na mkusanyiko wa kwanza ulizidi saa tatu. Kilichofika kwenye kumbi ni kama saa moja na nusu. Mwaka 2022 ilitoka diski mpya yenye zaidi ya saa moja ya vipande vilivyokatwa au kurefushwa. Anayevitazama ataelewa kwa nini vilikatwa: vingi vinaeleza yale ambayo filamu inayaacha wazi. Hata pale kwenye benchi, Steve Martin ameeleza kwamba maneno ya Candy yalikuwa marefu zaidi kwenye muswada. Yakabaki machache. Kupunguza huko kulikuwa sahihi, maana kufikia hapo mtazamaji anayo maelezo yote kichwani, yamelala tangu usiku wa kwanza, yanangoja neno moja la kuyaamsha. Neal mwenyewe huyaunganisha akiwa peke yake ndani ya treni ya mjini, anatabasamu akikumbuka vituko, kisha tabasamu linakatika. Anashuka na kurudi.

Candy hakuishi kuona filamu hii ikiwa desturi ya vizazi. Alifariki Machi 4, 1994, huko Durango, Mexico, akiwa na umri wa miaka 43, kazini. Hughes alimfuata Agosti 2009. Mwaka 2025 ilitoka filamu ya maisha ya Candy, iliyoongozwa na Colin Hanks, na jina lake limechukuliwa kutoka lile jibu la Del kule moteli: najipenda nilivyo. Wengi wa waliozaliwa baada ya kifo chake wameanza kuuliza Del ni nani kwa sababu hiyo.

Ukiitazama Desemba hii, itazame mara mbili katika msimu mmoja, zikipita siku chache katikati. Mara ya kwanza mfuate Neal. Ya pili usimwondolee macho Del, hasa wakati anaponyamaza. Na majina yakianza kupanda mwishoni, usizime. Mwanzoni mwa filamu kuna mteja wa Neal anayeshika picha za tangazo la vipodozi na kuzitazama kimya, dakika baada ya dakika, wakati ndege ya saa kumi na mbili inamkimbia Neal. Baada ya majina kuna picha moja fupi. Siku ya Shukrani imepita, masalio ya bata mzinga yako mezani kwake, na yeye bado anazitazama.